Nilimbembeleza mzee aende likizo, siku ya kumi kiti chake kikapewa mtu mwingine (Kindu, enzi za Zaire)

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na visiwani, na ninyi wenzangu wa ng'ambo hii ya ziwa Tanganyika.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeshindwa kunyamaza. Haya ninayoandika sikusimuliwa, yamenipata mimi mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Kilichonichokoza ni semina. Mpwa wangu anafanya kazi kwenye shirika moja, akanialika niketi viti vya nyuma nisikilize. Kijana mwenye projekta akatueleza habari za "manager engagement" na "wellbeing". Meneja akichoka afundishwe kuvuta pumzi. Atengenezewe chumba chenye mito laini. Apewe cheti cha mfanyakazi bora wa mwezi.

Nilitoka kabla ya chai. Nina presha, daktari amenikataza hasira.

Wakuu, mimi kazi hiyo niliifanya kabla huyo kijana hajazaliwa, na niliifanya mahali ambapo neno moja baya lingeweza kukupoteza. Kaeni niwape kisa.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu. Baba yangu alikuwa mbeba magunia stesheni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilikwenda Lubumbashi na mashati mawili, mchana napanga mafaili ya watu, jioni nasoma, mpaka nikapata diploma ya gestion du personnel, ambayo ninyi leo mnaiita HR. Nilikuwa wa pili darasa zima. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mkaguzi, kwa hiyo malizieni wenyewe.

Wenzangu walibaki Lubumbashi au wakateremkia Kinshasa. Mimi nilipanda treni nikarudi Kindu, diploma ndani ya bahasha, bahasha ndani ya plastiki, plastiki ndani ya shati. Nilitaka waliomwona baba yangu akiinama chini ya gunia wanione nikipita na abakosti.

Kwa vijana: abakosti ni lile koti la kola fupi lisilovaliwa na tai. Suti na tai zilikuwa marufuku. Chama kilikuwa kimoja, na mtoto alikuwa mwanachama tangu tumboni. Hakukuwa na bwana wala bibi, sote tuliitwa citoyen na citoyenne, yaani mwananchi.

Nikaajiriwa chef du personnel, yaani mkuu wa mambo ya wafanyakazi, kwenye kiwanda cha kukoboa mpunga. Jina lake naliacha, wajukuu wa watu wako hai. Kilikuwa cha wageni, serikali ikakichukua, direkta akaletwa kutoka Kinshasa.

Kulikuwa na machef sita: wa injini, wa stoo, wa malori, wa magunia, wa wapepetaji, na wa ulinzi. Ndio mameneja wetu. Nilipowaona wiki ya kwanza nilidhani kuna ugonjwa. Macho mekundu, wamekonda, wanajibu watu kama wanabweka. Chef wa malori alikuwa akisinzia amesimama.

Direkta naye aliliona tatizo hilo, ila kwa jicho lake.

Kila asubuhi kabla ya kazi tulikusanyika chini ya bendera, tukaimba nyimbo za chama na kucheza. Sehemu zote za kazi nchini zilifanya hivyo, si sisi tu. Direkta alisimama pembeni na daftari, akiandika kila chef amecheza namna gani. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake cha engagement, yaani moyo wa kazi. Naapa siongezi chumvi. Nililiona daftari kwa macho yangu: jina, halafu "fort", "moyen" au "faible", yaani imara, wastani au nyonge.

Akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa Lingala, Kiswahili chetu kilimsumbua.

"Citoyen, bachef yako banalala. Weye uko na diplôme. Nipe rapport: tutafanya nini ili bakuwe na engagement?"

Nikasema nipe wiki mbili.

Mtu mwingine angejifungia akaandika yale direkta anayotaka kuyasikia. Mimi nilikwenda kuwauliza machef wenyewe, mmoja mmoja, sehemu zao za kazi. Halafu nikarudi kwenye mafaili yao.

Mafaili yakanipa jibu ambalo hakuna aliyekuwa amelitazama. Sehemu ya kongé, yaani likizo, ilikuwa tupu. Machef wote sita. Hakuna aliyekuwa amepumzika siku hata moja tangu serikali ichukue kiwanda.

Kisheria walikuwa na haki ya mwezi mzima kila mwaka. Hawakunyimwa. Hawakuomba.

Mnajua kwa nini? Kwa sababu aliyekwenda kongé alirudi akakuta mtu mwingine kwenye kiti chake. Ndivyo mambo yalivyokuwa kila ofisi. Huitwi, huonywi. Unarudi na kikapu chako cha ndizi, unakuta abakosti ya mtu mwingine imetundikwa kwenye msumari wako.

Basi kila chef alikuwa amejifungia kufuli lake. Chef wa stoo alipanga vitu kwa mpango aliouelewa peke yake, ili asiyekuwa yeye asione hata sabuni. Chef wa malori hakumwambia mtu daraja lipi la njia ya Punia limeoza. Mtu akiumwa homa, kiwanda kizima kinaumwa.

Na bingwa wa wote alikuwa Mzee Ramazani, chef wa injini.

Injini yetu ya dizeli iliwashwa kwa manivela, ule mkono wa chuma unaouingiza mbele na kuuzungusha. Kila jioni Mzee Ramazani aliichomoa, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kwenye kikapu chake, akavuka nayo mto kwa mtumbwi hadi kwake Alunguli. Asubuhi anarudi nayo. Uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Miaka kumi na moja.

Alikuwa mgonjwa waziwazi. Miguu imevimba mpaka viatu amevikata nyuma. Vumbi la pumba limemwingia kifuani, akikohoa wapepetaji wanasimamisha nyungo. Daktari alikuwa amemwandikia apumzike mara tatu, na karatasi zote tatu alizikunja akazitia chini ya mguu wa benchi lisiyumbe.

Nikaamua nitaanza na huyu. Nikimpata yeye, wengine watafuata.

Nilimfuata nyumbani Ijumaa baada ya sala. Mkewe, Mama Zaina, akatuletea wali na sombe, yaani kisamvu, akakaa nasi kwa sababu alijua nimekuja kwa lipi.

"Citoyen, mupeleke kongé hata na polisi," akasema. "Usingizi yake njo kuwasha moteur. Anazungusha mukono, anahema, kisha ananipiga teke. Miye niko bibi yake, siko machine."

"Weye uliolewa na fundi," mzee akajibu, bila kuinua macho kwenye sahani.

"Niliolewa na muntu. Fundi alikuya nyuma."

Nikamweleza mzee haki zake. Nikamwonyesha kifungu kwa kidole. Akanisikiliza kwa adabu yote, kisha akasema:

"Mutoto wangu, weye umesoma kitabu. Miye nimesoma kiti. Mbele yangu kwenye ile injini kulikuwa muzee mumoja, mwalimu wangu. Alienda Kasongo kuzika mama yake. Wakubwa wakaniambia miye: ikala pale. Nikaikala. Akarudi, akanikuta. Alichukua kofia yake, akaenda. Sasa unataka na miye nichukue kofia?"

Wakuu, hapo nilielewa kwamba mtu huyu haogopi kitu cha kuwazia. Anaogopa kitu alichokifanya kwa mkono wake.

Nikamwambia hivi: "Mzee, mimi ndiye mwenye mafaili. Hakuna mtu anayeingia wala kutoka bila kalamu yangu. Nenda Pangi kwa kaka yako mwezi mmoja, lala, kula. Kiti chako hakitakaliwa na mtu. Kikikaliwa, na mimi nitatoka."

Akamtazama mkewe. Kisha akasema, "Haya. Lakini nimekwenda ju ya mudomo wako, si ju ya kile kitabu."

Jumatatu akamkabidhi msaidizi wake manivela, mbele yangu. Akamwonyesha sauti ya injini ikishiba na sauti yake ikiwa na njaa. Siku mbili nzima. Nilisimama pale nikijiona mtu mkubwa kuliko gavana.

Sasa hapa ndipo nilipokosea.

Direkta yule alichukua wiki mbili kutia saini ombi la sabuni. Ombi la kongé ya Mzee Ramazani, siku thelathini, alilitia saini kabla sijamaliza kufunga mlango. Nilipaswa kushtuka. Mimi nilidhani ni uzuri wa ripoti yangu.

Mzee akaondoka kwa lori la Pangi. Siku ya kumi ikashuka ndege kutoka Kinshasa, ikamleta citoyen Lokwa, mtoto wa dada wa mke wa direkta, na barua ya uteuzi: chef wa injini.

Niliingia ofisini kwa direkta bila kubisha. Nikamwekea barua mezani, nikamuuliza hiki ni nini.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonichoma. Alifurahi.

"Citoyen, uko na akili mingi. Ule muzee nilitafuta njia ya kumutoa miaka mingi. Kumufukuza, hapana, batu ya kiwanda banamupenda. Weye umemutoa na mudomo, na yeye akakwambia aksanti." Akanisukumia sigara. "Njo engagement hiyo. Nitaandika Kinshasa mambo mazuri juu yako."

Wakuu, nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu. Nimeitwa mtoto wa mbeba magunia mbele ya watu. Lakini sijawahi kutukanwa kama nilivyosifiwa siku ile.

Sikuchukua sigara. Nilitoka, nikaketi ofisini kwangu, nikafikiria viatu vya yule mzee vilivyokatwa nyuma, na yeye kule Pangi amelala usingizi kwa sababu yangu.

Kupiga kelele kusingesaidia. Ungepiga kelele, kesho yake ungeulizwa kama unapinga chama. Kugoma ndiyo usiseme. Kilichobaki ni kile nilichokwenda kukitafuta Lubumbashi kwa mashati mawili: karatasi.

Kwetu kuna kitu kinaitwa remise-reprise. Mtu akiacha kazi na mwingine akiingia, wanakaa wote wawili, wanahesabu kila kilichopo, wanaandika, wanatia saini mbele ya chef du personnel. Bila hiyo, aliyeingia anabeba lawama za vyote vilivyopotea kabla yake. Kila mtu Zaire aliiogopa kuliko homa ya manjano.

Nikamfuata Lokwa. Alikuwa kijana mpole, nisimsingizie, wa abakosti rangi ya maziwa mahali penye pumba na mawese. Nikamuuliza kama atashika kazi leo.

"Grand frère, kaka yangu, remise-reprise iko wapi?" akasema. "Kisangani nilitia saini bila kuhesabu. Nililala jela siku nane juu ya pampu mbili sijawahi kuziona. Miye sigusi hata musumari kabla ya kuhesabu na mwenyewe."

Nilitaka kumbusu.

Nikarudi kwa direkta, safari hii nikabisha. Nikamwambia Lokwa yuko tayari, kinachohitajika ni saini ya Mzee Ramazani tu. Akasema aitwe kutoka Pangi. Nikamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba mtu aliye kongé hayuko kazini, na asiye kazini hana uwezo wa kukabidhi chochote. Saini yake ingekuwa batili, na lawama ingerudi kwa aliyetia saini ile kongé. Nikamwonyesha saini iliyoidhinisha kongé. Ilikuwa yake.

Alisoma karatasi ile mara tatu. Kisha akaniambia nitoke.

Basi kwa siku ishirini citoyen Lokwa aliketi kwenye kiti barazani, hatua tano kutoka kwenye injini, bila kugusa kitu. Wapepetaji wakapata mchezo.

"Bwana arusi, umeamuka?"

"Bibi arusi iko Pangi, anasuka nywele. Vumilia."

"Citoyen, usiegemee ule ukuta, haujahesabiwa bado."

Lokwa alicheka nao. Kuna siku walimpa ungo, akapepeta. Vibaya.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshinda siku ishirini tu. Siku ya thelathini na moja mzee angerudi, uwezo wake ungerudi, na wangemtia kalamu mkononi.

Siku hiyo nilimsubiri getini. Alishuka kwenye lori na jogoo mkononi na ndizi begani. Wakuu, nilimpita kwa macho mara ya kwanza. Miguu imeshuka. Shavu limejaa. Kikohozi hakuna. Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa kabla hatujamla.

"Shika kwanza kuku yako," akasema.

Nikashika. Nikamwambia yote, pale pale, jogoo akinipiga mabawa.

Akauliza, "Ameikala?"

"Hajakaa. Yuko barazani, anangoja mhesabu."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Basi tuhesabu," akasema. "Miye siku ile sikumupa mwalimu wangu hata nafasi ya kuhesabu."

Direkta akaja mwenyewe kusimamia. Mimi nikashika kalamu. Tulihesabu siku tatu.

Nikasoma orodha ya kampuni: mkanda mkubwa, mmoja.

"Upo," akasema Mzee Ramazani. "Lakini huu si wa kampuni. Wa kampuni ulikatika, nikaandika barua Kinshasa, hakuna jibu. Huu ni wa yule mwenye kupasua mbao kule Alunguli. Alinipa miye, kwa mudomo."

Nikaandika. Pampu ya maji, moja.

"Ipo. Ya misioni. Padri aliniazima miye."

Chujio la mafuta.

"Lile nilitoa kwenye lori ya shemeji yangu, ilipokufa."

Radieta, mabomba, boliti za msingi, kipimo cha joto. Siku ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Kila kitu kilikuwepo, na kila kitu kilikuwa cha mtu. Cha rafiki, cha jirani, cha fundi wa stesheni ambaye mzee aliwahi kumtengenezea baiskeli. Siku ya tatu alasiri nikapiga mstari. Cha kampuni kilichobaki ni kiwiliwili cha injini, saruji iliyo chini yake, na kile kibati chenye jina la watengenezaji.

Hata wapepetaji walikuwa wamesogea.

Lokwa akauliza taratibu, "Muzee, nikitia saini, na weye ukatoka, wenye vitu watakuya?"

"Watakuya," akasema Ramazani. "Si kwa ubaya. Ni vitu vyao."

Lokwa akafunika kalamu. "Nkoko, babu yangu, miye nilitaka kazi," akasema, na alikuwa akimwambia mzee, si direkta. "Sikutaka hii."

Alipanda ndege iliyofuata. Direkta hakuwa na la kufanya: mchele wa kambi ya jeshi na hospitali ulitoka kwetu, na mashine ingesimama kesho yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba citoyen Ramazani aendelee. Hakusema asante. Hakuomba radhi.

Na sasa niwaambie kinachonichemsha mpaka leo. Miaka kumi na moja mtu huyu alikuwa akiendesha mali ya serikali kwa heshima yake binafsi mjini, kitu kwa kitu, rafiki kwa rafiki. Na kwenye daftari la direkta, mbele ya jina lake, kwa kuwa miguu iliyovimba haikuweza kucheza asubuhi, kulikuwa kumeandikwa: engagement, faible.

Faible. Nyonge. Nililiona neno hilo na sijalisamehe.

Baada ya hapo nikatengeneza kitu ambacho hakikuwemo katika kitabu chochote, na msishangae nikijisifu, hakuna atakayenisifu. Nilikiita karatasi ya saini mbili. Chef anapotaka kongé anamkabidhi msaidizi wake kwa kuandika, vitu na ujuzi vyote. Lakini karatasi hiyo hiyo, kabla hajaondoka, ina sehemu ya pili: kurudi kwake, na tarehe, na saini ya direkta tayari chini yake. Yaani unarudi kabla hujaenda. Kumweka mtu mwingine pale, direkta angelazimika kukana saini yake mwenyewe mbele ya Kinshasa.

Alitia saini. Baada ya mambo ya Lokwa hakuwa na hamu ya kubishana na mimi juu ya karatasi.

Chef wa malori alikuwa wa kwanza. Alirudi akamwandikia msaidizi wake madaraja yote mabovu ya njia ya Punia. Chef wa stoo akabandika majina kwenye rafu. Nendeni mkaulize kama kuna aliyewaamuru. Mtu anapojua kiti chake kipo, anafungua mkono mwenyewe.

Mzee Ramazani akawa anakwenda kila mwaka. Manivela ililala kiwandani, kwenye msumari, hadharani.

Mwaka uliofuata, saa za mchana watu wakiwa wamekwenda kula, direkta aliingia ofisini kwangu akafunga mlango. Alikaa upande wa wageni.

"Citoyen," akasema, "ile karatasi yako. Iko na fomu ya direkta pia?"

Nilidhani ananitega. Halafu nikamtazama vizuri. Macho mekundu. Abakosti imemlegea mabegani. Mke wake alikuwa amepasuliwa Kinshasa, na hakuwa amemwona, wala watoto, miaka minne.

"Nikitoka Kindu siku mbili," akasema, "redio itasoma jina ya mutu mwingine."

Enzi zile ndivyo wakubwa walivyoteuliwa na ndivyo walivyoondolewa, redioni, kwenye taarifa ya habari. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu kwa moyo wangu wote. Sikujua kwamba kila jioni alikuwa akikaa mbele ya redio akisubiri kunyongwa.

Nikampigia karatasi kwa mashine. Sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Tukafika mahali pa saini ya mkubwa wake.

"Nani atatia hapa?" nikauliza.

Akataja mkubwa wa shirika. Akatikisa kichwa mwenyewe: huyo pia hakuwa ametoka ofisini kwake muda mrefu, kwa sababu ile ile. Nikataja wa juu yake. Tukapanda cheo kwa cheo, mpaka tukafika kwa mtu ambaye hatukuthubutu kumtaja.

Alikunja karatasi ile, akaitia mfuko wa ndani, akarudi ofisini kwake. Hakwenda popote. Asubuhi iliyofuata alikuwa chini ya bendera na daftari lake kama kawaida.

Baada ya miezi michache redio ilisoma jina la mtu mwingine. Direkta alikuwa amekaa kwenye kiti alipolisikia.

Wiki ile ile Mzee Ramazani alikuwa kwa binti yake, mji wa Kama, akicheza na wajukuu. Alirudi tarehe iliyoandikwa, akawasha injini.

Wakuu, somo langu ni hilo. Msinifundishe kuvuta pumzi. Ukitaka meneja aipende kazi yako, mhakikishie kwa maandishi kwamba akiumwa, akifiwa na mama yake, akichoka, akirudi atakuta nafasi yake. Mtu aliyeng'ang'ania kiti kwa mikono miwili hana mkono wa tatu wa kufanyia kazi. Na hilo ni jukumu la aliye juu yake, si lake, wala si la mkufunzi wa semina.

Najua wapo humu wenye likizo za miaka mitatu hawajazigusa, na wanaziita uchapakazi. Karibuni mseme ukweli hapa chini: mnaogopa kumkuta nani? Na wenye vyeo, mliotia saini likizo ya mtu kwa haraka kuliko kawaida, nanyi nawasubiri. Wenye matusi pia waje, nina diploma, nitawajibu.